Terere Kwenye Duka la Mgiriki

Mwezi wa kwanza mwaka jana mama alirudi kutoka kliniki mjini Kakamega akiwa na vitu viwili: pakiti ya vidonge vya presha na karatasi moja iliyopigwa chapa. Vidonge akaviweka juu ya kabati. Karatasi akanipa mimi.

"Wewe ndiye umesoma," akasema. "Niambie hapa wanataka nile nini."

Huwa sipendi akisema hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na Lubao nzima inajua. Lakini niliichukua karatasi nikaisoma. Juu iliandikwa "Lishe ya Mediterania". Chini yake orodha: mafuta ya zeituni, jibini ya feta, samaki aina ya salmoni, brokoli, lozi, mtindi wa Kigiriki. Nyama nyekundu mara chache. Chumvi kidogo. Mwisho kabisa, kama kitu kilichokumbukwa wakati karatasi inaisha: mboga za majani kwa wingi.

"Zeituni si ni ile ya kwenye Biblia?" mama akauliza.

"Ni hiyo hiyo."

"Sasa mimi nitaitoa wapi?"

Kesho yake nikapanda matatu hadi mjini. Supamaketi niliyoingia ilikuwa nayo, chupa ya nusu lita, rafu ya juu kabisa, ile ambayo vumbi huifikia kabla ya wateja. Shilingi 1,450. Feta hawakuwa nayo. Nilipouliza salmoni, kijana wa rafu akaniuliza kama namaanisha samaki wa mkebe. Nilisimama pale nikipiga hesabu ya siku ngapi tunakula nyumbani kwa 1,450, kisha nikanunua mkate wa brauni nikarudi.

Jioni nikamtumia binamu yangu ujumbe wa sauti. Yeye anaishi Melbourne, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kwake si mbali na Oakleigh, mtaa uliojaa Wagiriki. Nilikuwa najua ananunua kwa Mgiriki kila wiki kwa sababu huko ndiko anapata semolina ya kusonga ugali. Nilitaka tu aniambie kama hayo mafuta yana maana yoyote ama ni mambo ya wenye pesa.

Hakujibu kwa maneno. Siku iliyofuata, akiwa dukani, alituma picha. Kreti ya plastiki imejaa majani mabichi, mashina yana wekundu kidogo, yamefungwa mafungu mafungu kwa raba. Kibao cha bei kina herufi za Kigiriki. Chini ya picha ameandika: "Si hii ni tsimboka??"

Ilikuwa tsimboka. Terere. Ile inayojiotea nyuma ya choo chetu.

*

Wagiriki wanaiita vlita. Ni jamii ya Amaranthus, jamii moja na terere yetu na mchicha wa Watanzania. Kwao huota wakati wa joto, bustanini na kandokando ya mashamba, na upishi wake hauna maneno mengi: unachemsha, unachuja maji, unamwagia mafuta ya zeituni na ndimu, unakula. Majani yote ya aina hii, ya kupandwa na ya kuokotwa, wanayaita kwa jina moja, horta. Nilipotafuta maana ya neno hilo nilicheka peke yangu. Ni nyasi. Majani tu.

Nikaendelea kuchimba. Krete, kile kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ugiriki, watu hupika vlita pamoja na mmea unaoitwa stifnos. Stifnos ni mnavu. Managu. Ile ambayo sisi Abisukha tunaiita lisutsa, chungu kidogo, ambayo kukhu alikuwa akiilaza kwenye maziwa usiku mzima ili itulie. Zao na zetu si lazima ziwe aina ile ile kabisa, maana managu ina ndugu wengi, lakini ni ukoo mmoja na mtu wa Krete hangepotea kwenye sufuria ya kukhu.

Na ukifungua friza ya maduka kama lile la Oakleigh, hasa yanayouza pia vitu vya Waarabu na vya watu wa Kupro, utakuta pakiti imeandikwa molokhia. Hiyo ni mrenda. Murere. Ute ni ule ule. Misri wanaipika na kitunguu saumu na giligilani, na wanaipenda kiasi kwamba historia yao ina khalifa aliyeipiga marufuku: al-Hakim wa ukoo wa Fatimi, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Sababu inayotajwa ni ya kisiasa. Ilisemekana mboga hiyo ilipendwa na Muawiya, ambaye ukoo wa Fatimi ulimwona adui wa nyumba ya Ali. Hebu fikiria mrenda kuwa kesi ya serikali.

Halafu kuna tahini, ambayo binamu yangu hununua kwa chupa. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu, kusaga. Kilichosagwa ni simsim. Soko la Lubao simsim hupimwa kwa kikombe.

Usiku ule nilikaa na simu mpaka chaji ikaisha. Nilikuwa nimetoka kutafuta Mediterania kwenye rafu ya juu ya supamaketi, na nusu yake nilikuwa nimeipita asubuhi hiyo, kwenye magunia yaliyotandazwa kando ya barabara ya Webuye, nikienda kupanda matatu.

*

Swali lililonikaa ni hili: ilikuwaje chakula kile kile kiitwe lishe upande mmoja, na upande mwingine kiitwe umaskini?

Nilidhani jibu ni kwamba Wagiriki hawakuwahi kudharau chakula chao. Si kweli. Katika Kigiriki cha leo ukimwita mtu vlito umemwita mjinga, bongolala. Tusi hilo lina umri. Aristofane, mwandishi wa michezo ya kuchekesha wa Athens katika karne ya tano kabla ya Kristo, ana tusi lililoundwa kutokana na jani hilo hilo katika mchezo wake Mawingu. Yaani zaidi ya miaka elfu mbili watu wamekuwa wakila vlita jioni na kutukanana nayo asubuhi.

Na hao wa Krete ambao leo wanasifiwa duniani walikuwa na njaa. Ugiriki ilitekwa mwaka 1941, na majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 watu walikufa kwa maelfu, hasa Athens. Waliobaki walichuma horta popote zilipoota. Baadhi ya wakimbizi wa visiwani walivuka bahari, wakapelekwa Mashariki ya Kati, na wengine mpaka Kongo ya Wabelgiji.

Vita vilipoisha, mwaka 1948, Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulituma watafiti Krete kuangalia watu wanaishije. Kiongozi wao, Leland Allbaugh, alitoa kitabu mwaka 1953, na kichwa chake kinakiita kisiwa hicho eneo lisiloendelea. Watafiti walikuta watu wanaishi kwa nafaka, maharagwe, zeituni, matunda na majani ya porini, nyama kidogo sana. Walipoulizwa kama wanaridhika na chakula hicho, wengi walisema hapana. Walichotamani zaidi kilikuwa nyama.

Nilisoma hapo mara mbili. Huyo ni mjomba wangu. Huyo ni kila mtu ninayemjua, Krismasi ikikaribia.

Halafu akaja Ancel Keys, Mmarekani mwingine, na utafiti wa nchi saba ulioanza 1958: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia na Japani. Walipima wanaume, wakawafuatilia miaka mingi, wakahesabu nani anakufa kwa moyo. Wanaume wa Krete walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa moyo kwa uchache zaidi. Mwaka 1975 Keys na mkewe Margaret wakatoa kitabu cha mapishi chenye jina la Mediterania, na kutoka hapo safari ikawa ndefu: majarida, madaktari, chupa nzuri zenye picha ya mzeituni. Mwaka 2010 UNESCO ikaiweka lishe ya Mediterania kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la Uhispania, Italia, Ugiriki na Moroko. Miaka mitatu baadaye Kupro, Kroatia na Ureno nazo zikaingia.

Kwa hiyo karatasi ya mama ilikuwa na historia. Ilianzia kwenye meza ya wakulima maskini waliotamani nyama, ikapita kwenye daftari za watafiti, ikapita madukani, na ilipofika Kakamega majani yalikuwa yamesukumwa hadi mstari wa mwisho. Kilichopanda juu ni vile vinavyoweza kuwekwa kwenye chupa na kuuzwa 1,450.

*

Upande wetu hadithi ilikwenda kinyume.

Kukhu alizaliwa wakati Kakamega ilikuwa mji wa dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu huku, na ndani ya muda mfupi wazungu walijaa na mahema yao mitoni. Sheria ya 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitaguswa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine ilirekebishwa mwaka 1932 ili uchimbaji uendelee. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia miaka hiyo ya thelathini hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wanaume wetu waliingia chini ya ardhi kutafuta pesa ya kodi, na mfanyakazi wa mshahara alilishwa unga wa mahindi. Wimbi na mtama zikaanza kurudi nyuma shambani. Mahindi meupe, ambayo maofisa wa kikoloni walikuwa wameyasambaza Nyanza nzima tangu mwanzo wa karne, yakawa ndiyo chakula, na ugali wa wimbi ukawa wa wagonjwa na wazazi wapya.

Sisi pia tulikuwa na duka letu la mgeni. Halikuwa la Mgiriki. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Wahindi wenye maduka walikuja nayo. Allidina Visram alikuwa na matawi kutoka pwani hadi Uganda. Kutoka Kisumu biashara ilipanda hadi Mumias na Kakamega. Kwa Mhindi ndiko kulikuwa na chumvi nyeupe, sukari, majani ya chai, sabuni, mafuta ya taa, na baadaye mafuta ya kupikia ya mkebe. Kukhu alikuwa akipika mboga kwa omusherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na samli, na karanga za kusaga. Alituambia siku ya kwanza mama mkwe wake kukaanga mboga kwa Kimbo, majirani walikuja kunusa. Mboga ilikuwa ile ile. Harufu ya dukani ndiyo iliyokuwa heshima. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya 1967 kuwabana wafanyabiashara wasio raia, maduka mengi ya Wahindi yaliingia mikononi mwa Waafrika, lakini rafu zilibaki vile vile, na heshima ilibaki kwenye rafu.

Kisha sukuma wiki. Hii ndiyo iliyonimaliza. Jina ni letu kabisa, la mtu anayesukuma wiki mshahara ukiwa mbali, kiasi kwamba ukiniuliza ningekwambia sukuma ilizaliwa Kenya. Sukuma wiki ni Brassica oleracea, mmea mmoja na kabichi, koliflawa na brokoli, ambao binadamu ameubadilisha maumbo. Wazungu ndio waliotuletea. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu yake wa porini aliye karibu zaidi ni Brassica cretica, mmea wa Aegean. Jina lake lenyewe limebeba Krete.

Kwa hiyo angalia tulivyofanya. Tuliichukua mboga ya Mgiriki tukaifanya yetu, tukaipanda kila kipenyo. Na zile tulizokuwa tunazila sawa na yeye tukaziita za kienyeji kwa sauti ya chini. Shuleni, somo la kilimo, nilikariri orodha ya magugu kwa ajili ya mtihani, na Amaranthus ilikuwemo. Jina lake la Kiingereza kwenye orodha lilikuwa na nguruwe ndani yake. Nilipata alama zangu, nikaenda nyumbani, nikala gugu hilo kwa ugali. Sikuona mgongano wowote. Kilichoandikwa kilikuwa cha mtihani, kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa cha nyumbani.

Mama naye alikuwa na sheria yake: mgeni akija, mrenda haipandi mezani. Kuku ama nyama. Ikikosekana, sukuma ya kukaanga na nyanya. Mrenda tulikula wenyewe, jioni, mlango ukiwa umefungwa.

*

Niliuliza pia kama Mgiriki aliwahi kufika karibu nasi. Afrika Mashariki alifika zamani. Tanganyika walikuja enzi za Wajerumani kama makandarasi wa reli, wakabaki kulima mkonge na kahawa upande wa Moshi na Arusha, na tumbaku Iringa. Kongo ya mashariki na Katanga walikuwa wafanyabiashara. Kisangani na Lubumbashi watu wazima bado wanakumbuka kununua kwa Mgiriki. Kwetu magharibi mwa Kenya aliyesikika zaidi hakuleta duka. Ni kanisa.

Waafrika wa Kenya walianzisha makanisa yao ya Kiorthodoksi kabla ya uhuru, wakitaka ukristo ambao hauamriwi na mmisionari wa mkoloni, na mwaka 1946 wakapokelewa chini ya Patriaki wa Aleksandria, ambaye ni wa Kigiriki. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios III, rais wa Kupro, alikuja Kenya akabatiza maelfu ya watu. Leo kuna Waluhya wa Kiorthodoksi, Bunyore kwa mfano, na Kwaresima yao haina mchezo: nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna. Wanabaki na nafaka, maharagwe na majani. Wakosoaji wa Keys wamesema kwamba sehemu ya vipimo vya Krete vilichukuliwa wakati wa Kwaresima, watu wakiwa wamefunga. Ikiwa hivyo, basi kile ambacho daktari alimwandikia mama kina kipande cha mfungo ndani yake, na Bunyore kuna wazee ambao wamekuwa wakiifuata lishe ya Krete kwa miaka mingi bila karatasi yoyote.

*

Si kwamba hakuna aliyeona. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtoto wa magharibi, alikua akiwa na mzio wa maziwa, mayai na samaki. Mboga za kienyeji ndizo zilizomlea. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo cha bustani aligundua kwamba mafunzo yake yalizihesabu mboga hizo kuwa magugu, na tangu miaka ya tisini, akiwa Maseno kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, amefanya kazi ya kuthibitisha kinyume: virutubisho vyake, mbegu zake, jinsi ya kuzipanda kama zao badala ya kungoja zijiotee. Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa amezunguka nchi akiandika mimea ambayo watu hula na majina wanayoiita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 managu na saga zilianza kuonekana kwenye supamaketi za Nairobi, zimefungwa, zina bei.

Halafu nikakutana na kitu ambacho sikutarajia. UNESCO, ile ile ya lishe ya Mediterania, ilifanya mradi na Makumbusho ya Taifa wa kuandika vyakula vya jadi vya jamii mbili za Kenya kabla havijasahaulika. Moja ilikuwa Wapokot wa mashariki. Ya pili ilikuwa Abisukha. Sisi. Watoto wa shule walishirikishwa kuuliza wazee wao, na mwaka 2013 kukatoka kitabu kizima kuhusu chakula cha Isukha. Na mwezi Desemba 2021 kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya jadi ikaingizwa kwenye rejista ya UNESCO ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Miaka ile mradi unafanyika mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Isukha hii hii. Watu walikuwa wanakuja kuandika majani ya kukhu, na mimi nilikuwa nakariri kwamba ni magugu. Kukhu alifariki kabla sijajua lolote kati ya haya. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akichanganya lisutsa na nini kwanza, ama majivu ya maganda gani ndiyo mazuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya chuo. Chuo unaweza kurudi.

*

Siku ya soko nikaenda Lubao na karatasi ya kliniki mfukoni.

Watu wa nje wakisikia Lubao huuliza kuhusu mbwa, kwa sababu soko letu ni maarufu kwa kuuza mbwa. Ni kweli, wapo, wamefungwa kamba, na wanaume wanawashika meno kukagua umri. Lakini ukipita hapo, upande wa kina mama, utakuta magunia yametandazwa chini na juu yake mafungu. Nilisimama mbele ya mama mmoja wa umri wa kukhu.

"Shikamoo, kukhu. Hii lisutsa ni ngapi?"

"Ishirini, mwanangu. Chukua tatu kwa hamsini."

"Na murere?"

"Ishirini. Hiyo upike na likhubi, usipike peke yake kama watu wa Nairobi."

Nikamwuliza anapikaje yeye. Aliniangalia kwanza, kama mtu anayepima kama anachekwa. Kisha akaanza, na hakunyamaza kwa dakika kumi. Likhubi ichemke kwanza, murere iingie mwisho, isifunikwe. Tsisaka ina uchungu, ichanganywe na tsimboka. Majivu ya maganda ya maharagwe ndiyo ya omusherekha, ya ndizi pia yanafaa. Simsim isagwe siku ya kupika, si jana. Niliandika kila kitu nyuma ya karatasi ya kliniki kwa sababu ndiyo karatasi niliyokuwa nayo. Alipomaliza akaniongeza fungu moja la tsimboka bure, na mwanamke wa gunia la pili akadakia kwamba kwao Kabras murere haipikwi hivyo kamwe, na nikawaacha wakibishana.

Jumla nilitumia shilingi 190: lisutsa mafungu matatu, murere mbili, likhubi moja, kikombe cha simsim, ndimu nne za kumi kila moja. Ndimu ni kwa ajili ya Mgiriki.

Jioni nilipika njia mbili. Sufuria moja ya murere na likhubi vile nilivyoambiwa. Sufuria ya pili, tsimboka na lisutsa, niliichemsha, nikachuja, nikachanganya na simsim iliyosagwa na ndimu, hakuna mafuta. Mama alionja ya pili akakunja uso.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Krete. Karibu."

"Iko sawa," akasema baada ya muda. "Lakini ndimu umezidisha." Akarudi kwenye murere.

Sitaki kudanganya mtu kwamba majani yalimponya. Mama bado anameza vidonge kila asubuhi, na ni sawa ameze. Presha imeshuka kidogo. Daktari anasema ni dawa, mama anasema ni kuacha chumvi, mimi sisemi kitu. Aliporudi kliniki alibeba karatasi ile ile, na muuguzi alipoigeuza akakuta nyuma yake maandishi yangu: majina ya Kiisukha, namna ya kupika, bei za Lubao. Mama anasema alisoma yote amesimama, akacheka kidogo, akauliza nani aliandika.

"Ni mtoto wangu," mama akamwambia. "Yeye amesoma."

Wiki iliyopita shemeji zake walikuja bila kutuarifu. Kuku walikuwa wameshalala mtini. Niliona mama amesimama katikati ya jikoni akifikiria, kisha akafunua sufuria, akapakua murere kwenye bakuli nzuri ya glasi, ile ya wageni, akapita nayo mlangoni mbele yangu.